Kifungo cha nje na siku nne ambazo sikusaini

Kalamu ya ofisi ile ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza. Uzi wenyewe ulikuwa mfupi, kiasi kwamba mtu mrefu kama mimi lazima ainame ndipo aweze kusaini. Kila mmoja wetu alikuwa na ukurasa wake daftarini, tarehe zimeshapangwa upande wa kushoto kwa mwandiko wa afisa. Jumatatu moja unaripoti, inayofuata unapumzika, nyingine unaripoti tena. Niliinama hivyo kwa miezi 11. Baada ya hapo ukurasa wangu una mistari minne mitupu, na hiyo minne ndiyo iliyonipeleka jela.

Watu wakisikia nilifungwa huniuliza niliiba nini tena. Sikuiba tena. Siku waliyonikamata nilikuwa na kazi halali, silewi, sina ugomvi na mtu, na nilikuwa nimetoka kulipa sehemu ya deni la mahakama wiki iliyotangulia. Ndiyo maana jambo hili bado linanisumbua kulielezea. Mtu huelewa haraka kwamba mwizi kafungwa kwa wizi. Kafungwa kwa kuhamia kwenye kazi? Hapo wengi hudhani nawaficha kitu.

Kosa la kwanza nililikiri. Nilikuwa mtunza stoo, mwenzangu wa zamu akaja na mpango wa kutoa mali kidogo kidogo kwa mlango wa nyuma, nami nikaingia macho makavu. Sitalipamba. Tulipobambwa, yeye alikana, mimi nikakiri siku ileile ya kusomewa shtaka. Kwa kuwa sikuwa na rekodi, hakimu aliagiza iandaliwe ripoti kabla ya kunihukumu. Afisa wa probesheni, yaani wa kuwaangalia wanaotumikia amri ya mahakama wakiwa nje ya jela, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuja nyumbani kwa mjomba wangu, akakaa naye kwa saa nzima, akaongea na majirani, akaniuliza hata nililelewa na nani. Ripoti yake ikasema ninaweza kurekebika nikiwa nje. Mjomba akakubali nikae kwake muda wote wa amri.

Amri ilikuwa ya miezi 18. Hakimu alinisomea masharti moja moja, kwa lugha nyepesi, kisha akaniuliza kama nimeelewa na kama nakubali. Maana amri ya namna hii, katika sheria za nchi nyingi, haiwekwi juu ya mtu mzima bila yeye mwenyewe kuridhia. Kwangu mimi swali lile lilikuwa kama kuulizwa unataka kutoka au unataka kubaki. Nilijibu "ndiyo, mheshimiwa" kabla hajamaliza sentensi. Karani akanisogezea karatasi, nikasaini chini. Nilikuwa natazama mlango.

Mitaani tunaiita kifungo cha nje. Ni jina zuri, lina maneno mawili, na mimi nilisikia moja tu.

Masharti yenyewe hayakuwa ya kutisha. Kuripoti kila baada ya wiki mbili. Kuishi kwa mjomba. Kutobadilisha makazi wala kazi bila kumjulisha afisa kwanza. Hilo lilikuwa la tatu, na nitalikumbuka mpaka naingia kaburini. Kutowasiliana na yule mwenzangu wa stoo. Kumlipa mlalamikaji fidia kwa awamu. Kutotenda kosa lingine. Mwisho kabisa palikuwa na mstari ambao nadhani niliuruka kama mtu anavyoruka maandishi madogo kwenye fomu: nikikiuka sharti lolote, nitarudishwa mahakamani na naweza kuhukumiwa kwa kosa la awali.

Kwa kosa la awali. Yaani ule wizi. Mimi nilikuwa naamini kesi ya wizi iliisha siku ile, hukumu imetoka, sasa natumikia adhabu yangu ya kusaini. Kumbe adhabu ilikuwa haijatolewa bado. Hakimu alikuwa ameiweka kando, na kilichoishikilia pale kando ni sahihi zangu.

Mjomba alinielewa kuliko nilivyojielewa. Alichukua nakala yake ya masharti akaibandika kwa gundi nyuma ya mlango wa chumba nilicholala, palepale unapofunga mlango usiku inakutazama. Nikirudi kutoka kuripoti ananiuliza, "Umesaini?" Nikisema nimesaini, anachukua kalamu anaenda kuweka tiki pembeni ya ile karatasi. Mwanzoni nilichukia. Mtu mzima nawekewa tiki kama mtoto wa chekechea. Nilikaa kimya kwa sababu nyumba ilikuwa yake na jina lake lilikuwa kwenye faili langu.

Miezi ya kwanza nilikuwa mnyoofu kama mstari wa rula. Nafika kabla ofisi haijafunguliwa. Mama afisa ananiuliza kazi, afya, deni limefikia wapi, nimelala wapi wiki hii. Dakika kumi tumemaliza. Ilipofika mwezi wa saba au wa nane, zile dakika kumi zikaanza kunikera. Maswali yaleyale, majibu yaleyale. Nikaanza kuiona kama desturi tu, kitu kinachofanywa ili kifanywe. Tahadhari nyingi anazopewa mtu aliye chini ya uangalizi ni za pombe, marafiki wabaya, tamaa. Hakuna aliyenionya kuhusu kuchoka. Mimi nilichoka kwanza, sababu ikaja baadaye.

Na sababu ilikuwa nzuri, hapo ndipo tatizo lilipo. Ijumaa jioni rafiki alinipigia: kuna mradi wa ujenzi mji mwingine, mwendo wa karibu siku nzima kwa basi, wanatafuta karani wa vifaa, anayejua kuandika hesabu za stoo. Wanamtaka Jumapili. Kwa mtu aliyefukuzwa stoo kwa wizi, kupata tena mtu wa kukukabidhi funguo si jambo la kila siku. Nilikuwa nimeishi kwa vibarua vya hapa na pale, awamu za fidia nazilipa kwa kuchechemea. Nikahesabu haraka: kwa mshahara ule, deni lote ningelimaliza ndani ya miezi mitano.

Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kusaini.

Namba ya mama afisa nilikuwa nayo. Nilikaa kitandani usiku ule, simu mkononi, karatasi ya mjomba inanitazama kutoka mlangoni, na sikupiga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu la kweli ni moja: nilijua nikiuliza anaweza kusema hapana. Nisipouliza, hakuna hapana. Jumapili alfajiri nikamwambia mjomba naenda kutafuta kibarua, nitamweleza afisa mwenyewe. Huo ulikuwa uongo wa kwanza, na nilimwambia mtu aliyekuwa amenidhamini kwa jina lake.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ikaita nikiwa nahesabu mifuko ya saruji. Nikaiangalia ikiita mpaka ikakata. Jioni ukaingia ujumbe: "Sijakuona leo. Njoo Jumatano tuongee." Hakuna ukali wowote katika maneno hayo. Naweza kuyaandika hapa bila kukosea herufi kwa sababu niliyasoma pengine mara ishirini. Jumatano haikuwezekana, nilikuwa mbali. Lakini kujibu kuliwezekana. Neno moja tu, "Mama, nimepata kazi mbali, nisaidie," na naamini leo ningekuwa naandika habari nyingine kabisa au siandiki chochote.

Nilichofanya ni kujiambia nitajibu nikipata maneno mazuri. Maneno hayakupatikana. Kila siku iliyopita ilikuwa inahitaji maelezo mazuri zaidi ya ile ya jana. Siku ya kwanza ungesema umesafiri kwa dharura. Wiki ya pili uanze kueleza dharura gani isiyo na simu. Jumatatu yangu ya pili ilipopita bila sahihi, aibu ilikuwa imeshanipita kimo. Akapiga tena mara mbili, na mimi nikafanya jambo ambalo mahakamani liliniumiza kuliko yote: nikabadilisha laini. Kwa mjomba nikawa napiga kwa simu ya rafiki, kwa kuvizia, na nikimuuliza hali yake nakata haraka asije akanigeuzia swali. Kisha nikaacha kupiga.

Nilikuwa nimemkwepa mama mmoja mwenye daftari. Kisheria, kuanzia hapo, jina la nilichokuwa nafanya lilikuwa kutoroka.

Yaliyoendelea nyuma yangu niliyajua baadaye. Samansi ilipelekwa kwa mjomba, kwa sababu hapo ndipo makazi yangu yalipoandikwa. Akaipokea, akasaini, akanitafuta kwa namba isiyopatikana. Tarehe ya kwenda mahakamani ikafika, jina langu likaitwa mara tatu koridoni, akaitika yeye. Hakimu akamuuliza niko wapi. Mjomba wangu ni mtu wa kutembea na kitambaa mfukoni na kofia safi, mtu ambaye mtaani wakigombana wanamwita asuluhishe. Alisimama mbele ya watu akasema, "Mheshimiwa, sijui alipo." Hati ya kukamatwa ikatolewa siku hiyohiyo.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimeshaanza kulala vizuri. Nilikuwa nimetuma awamu mbili za fidia, risiti nimezihifadhi, najiona mtu mwema. Kisha nikapoteza pochi kwenye basi. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho, na ofisi ya mradi ikaniambia nilete karatasi ya polisi ya kuonyesha kimepotea. Kwa hiyo nilijipeleka kituoni kwa miguu yangu mwenyewe, mchana kweupe, nimechomekea shati. Afande wa kaunta akaniuliza jina kamili. Akaandika kwenye kompyuta. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena.

"Kaa hapo kwanza, kijana," akasema, kwa upole kabisa.

Nilikaa rumande siku 12, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri usafiri wa kunirudisha kwenye mahakama iliyotoa amri, maana faili lilikuwa huko. Kazi ilikufa siku ya kwanza. Mradi hausubiri karani. Rafiki aliyeniunganisha aliulizwa maswali ambayo hakustahili kuulizwa, na hajanipigia tena hadi leo.

Siku ya kusikilizwa niliwekwa kwenye benchi pamoja na wengine, na kesi iliyotangulia yangu imebaki kichwani kwangu kama picha. Alikuwa baba mmoja, naye yuko chini ya uangalizi, amekosa kuripoti mara mbili mfululizo. Nikajisemea, huyu ni mwenzangu. Akaulizwa sababu. Akatoa bahasha iliyokunjamana, ndani yake karatasi za hospitali: mtoto wake alilazwa, yeye ndiye aliyekuwa anamuuguza. Afisa wake akasimama akathibitisha kwamba siku ya tatu baada ya mtoto kuruhusiwa, mtu huyu alikwenda ofisini mwenyewe, bila kuitwa, akiwa na hiyo bahasha. Kesi nzima haikufika robo saa. Alionywa, muda wake ukaongezwa kidogo, akaenda zake nyumbani kwa mtoto wake.

Kisha nikaitwa mimi.

Ambaye hajawahi kusimama kwenye shauri la kukiuka masharti pengine anafikiri ni kesi mpya, yenye kuanza moja. Siyo. Hatia ya wizi ilishathibitishwa, hakuna wa kuirudia. Swali linalobaki ni dogo na kavu: sharti limevunjwa au halikuvunjwa? Katika baadhi ya nchi hata kiwango cha ushahidi kinachotakiwa hapo ni cha chini kuliko kile cha kumtia mtu hatiani kwa kosa la jinai. Una haki ya kukana, kuleta mashahidi, kumuuliza afisa maswali, kuwa na wakili. Mimi nilikiri harakaharaka nikidhani kukiri kutaniokoa kama kulivyoniokoa mara ya kwanza, na sikuomba hata dakika tano za kuongea na wakili. Sidhani kama angebadilisha matokeo yote. Ila angeniambia nisiseme nilichosema.

Mama afisa alisoma ripoti ya kurasa mbili. Nilitarajia anikaange. Alisema miezi 11 ya kwanza nilikuwa mwenye ushirikiano mzuri, sikukosa hata siku moja. Akasema tarehe nne nilizokosa, akazitaja moja moja. Akasema simu alizopiga na ujumbe alioandika. Akasema namba yangu haikupatikana tena. Akakaa. Hakuongeza chumvi wala hakupunguza.

Hakimu, ambaye hakuwa yule wa awali, aliniuliza, "Ulizuiwa kuja, au hukutaka kuja?"

"Nilipata kazi, mheshimiwa. Nilitaka kulipa deni."

"Hujanijibu."

Nikanyamaza. Nikaomba kuonyesha zile risiti mbili. Akazipokea, akazitazama kwa makini, nikaanza kupata matumaini. Kisha akainua karatasi ya masharti, akalisoma la tatu kwa sauti, akanionyesha sahihi chini yake na kuuliza ni ya nani. Nikasema ni yangu. Akasema risiti zinaonyesha kwamba deni nililikumbuka vizuri, na mtu anayekumbuka deni hawezi kusema alisahau amri.

Angeweza kunionya. Angeweza kunitoza faini amri ikaendelea, au kuongeza muda, au kuongeza masharti. Mlango wa mwisho ni kuifuta amri na kumhukumu mtu kwa kosa la awali, kama vile katiwa hatiani leo. Laini niliyobadilisha ndiyo iliyomfikisha kwenye mlango huo. Alisema hivyo waziwazi. Miezi sita.

Zile siku 12 za rumande zilihesabiwa. Miezi 11 ya kuinama na kusaini haikuhesabiwa hata siku moja. Hili ndilo jambo ambalo nikiwaambia vijana hawaniamini. Muda wa uangalizi si kifungo unachokipunguza kidogo kidogo. Ukiharibu mwezi wa mwisho, unaweza kujikuta pale ulipokuwa siku ya kwanza. Na fidia nayo haikufutwa. Nilitoka jela miezi ilipokwisha nikaikuta inanisubiri, imebaki vilevile nilivyoiacha.

Ndani nilikutana na wenzangu wa aina yangu, na ni wengi kuliko nilivyodhani. Kulikuwa na mmoja aliyepimwa mkojo ukakutwa na bangi, huyo hakuwa na la kujitetea na wala hakujitetea. Lakini kulikuwa na kijana mwingine, mpole kupita kiasi, aliyekuwa amempiga mchumba wake wa zamani. Sharti lake kubwa lilikuwa asiwasiliane naye kwa njia yoyote. Miezi minane akakaa sawasawa. Siku moja moyo ukamlainika akamwandikia ujumbe wa kuomba msamaha. Ujumbe wa heshima kabisa, alituelezea, hakuna tusi, hakuna kumbembeleza warudiane. Yule dada alipouona, akaupeleka moja kwa moja kwa afisa, na alikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kijana alikuwa bado anashangaa. "Nimefungwa kwa samahani," alikuwa akirudia. Nilimhurumia, na wakati huohuo nilijua tumeugua ugonjwa mmoja: wote wawili tulidhani nia njema inaruhusiwa kupita mahali ambapo sharti limefunga.

Mwingine alishindwa kulipa fidia. Huyu nilimwona kaonewa, na bado namwona hivyo. Kushindwa kulipa na kukataa kulipa ni vitu viwili tofauti, na mahakama inatakiwa iulize ni kipi kati ya hivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1983, katika shauri la mtu aitwaye Bearden dhidi ya jimbo la Georgia, kwamba mtu hawezi kufutiwa uangalizi akafungwa kwa umaskini tu, bila kwanza kuchunguza kama alijitahidi kulipa. Lakini mwenzetu huyo, alipoulizwa, alisema tu "sina," akanyamaza. Hakupeleka karatasi yoyote ya kuonyesha kafukuzwa kazi, hakuomba awamu zipunguzwe mapema. Mahakama haikujua kama hana au hataki, na yeye hakuisaidia kujua.

Mle ndani palikuwa na rafu ya vitabu chakavu, na nilikuwa na muda. Katika kimoja nikakuta habari za fundi viatu wa Boston aitwaye John Augustus. Mwaka 1841 alikuwa mahakamani akamwona mlevi anayekaribia kupelekwa gerezani, akamwomba hakimu ampe yeye, atamwangalia. Wiki tatu baadaye akamrudisha akiwa haonji pombe, na mtu yule akatozwa faini ya senti moja pamoja na gharama za kesi. Augustus akaendelea hivyo hadi alipokufa mwaka 1859, akidhamini karibu watu elfu mbili kwa jasho lake, na walioponyoka wakamwachia hasara walikuwa wachache mno. Halafu Uingereza ilipotunga sheria yake ya mwaka 1907, iliandika humo kazi ya afisa wa probesheni: kumshauri mtu, kumsaidia, na kuwa rafiki yake. Imo ndani ya sheria, neno rafiki. Nilifunga kitabu nikawaza ile simu iliyokuwa inaita juu ya mifuko ya saruji.

Mwezi wa nne, mama afisa alikuja kunitembelea. Sikutegemea. Nilipomwona nikashindwa kumwangalia, nikawa naangalia mkoba wake. Aliniuliza afya, kama zamani. Kisha akaniuliza kazi ile ilikuwa mji gani. Nikamtajia.

"Huko tuna ofisi," akasema.

Sikuelewa.

"Ningeomba uangalizi wako uhamishiwe huko. Ungekuwa unasaini hukohuko, Jumatatu zako zilezile. Ni barua moja tu, mwanangu. Nimeshawafanyia wengi."

Sikulia mbele ya hakimu, sikulia usiku wa kwanza selo. Hapo nililia. Alinisubiri nikamaliza, akanipa karatasi laini, akafungua faili lake kuendelea na maswali.

Tangu nimetoka, vijana wawili watatu walio kwenye kifungo cha nje wameletwa kwangu na wazazi wao, nadhani kwa kuwa mimi ni mfano hai wa kutisha. Sina hotuba. Huwa nawaomba kwanza wanionyeshe karatasi ya masharti, na mara nyingi hawanayo, iko "nyumbani mahali fulani." Nawaambia waitafute, waisome neno kwa neno, na wasipoelewa wamuulize afisa na si mimi. Nawaambia ruhusa ya mdomo waiombe iandikwe, maana maofisa huhamishwa na mdomo haubaki kwenye faili. Laini ya simu wasiiguse. Na siku wakikosa, maana watakosa, waende wenyewe kesho yake kabla hawajaitwa, hata kama hawana sababu ya maana, hata kama sababu yenyewe ni usingizi. Jana mmoja aliniuliza, "Kaka, nikienda na sababu ya usingizi si atanichukia?" Nikamwambia atakugombeza. Kugombezwa hakujawahi kumfunga mtu.

Mambo mengine yamebaki magumu. Zamani fomu za kazi zikiuliza kama nimewahi kutumikia kifungo gerezani, niliweza kujibu hapana bila kusema uongo. Sasa siwezi. Fidia niliimaliza mwaka uliofuata, kwa vibarua, kwa kuchechemea vilevile.

Jioni niliyotoka nilikwenda kwa mjomba kwa sababu sikuwa na pengine. Nilibisha, akafungua, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Umekonda. Ingia." Hakusema zaidi. Nikaingia chumbani kwangu, nikafunga mlango, na karatasi ilikuwa bado pale. Safu ya tiki ilishuka pembeni yake, moja chini ya nyingine, wino wa bluu, kisha wino mweusi kalamu ilipokwisha. Chini ya tiki ya mwisho palikuwa na tarehe nne nyingine kwa mwandiko wake. Alikuwa ameziandika kila moja kwa siku yake, na mbele ya kila moja hakuweka kitu.

Asubuhi nilimuuliza kwa nini hakuitoa.

"Gundi ilishika," akasema, akiwa anavaa kofia yake. "Ukiibandua inatoka na rangi ya mlango."